Siku nzuri ndiyo inayokuumiza

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 38. Ni fundi wa nguo za kike, na kazi hii niliianza nikiwa msichana. Mwaka jana vidole vilianza kuvimba, mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja, na asubuhi nikawa siwezi kufunga hata kifungo changu mwenyewe mpaka saa nzima ipite. Vipimo vikaonyesha baridi yabisi, ile ya kinga ya mwili kushambulia viungo, nikaambiwa ni ugonjwa wa kuishi nao. Nimeandikiwa methotreksati, mara moja kwa wiki. Inasaidia, ila kesho yake nashinda na kichefuchefu, na wiki nikijiona niko sawa huwa nairuka. Kila nikiimeza najiona mgonjwa.

Maumivu nayavumilia. Kinachonitesa ni kwamba sijijui tena. Mimi nilikuwa mtu wa kukesha na gauni la bibi harusi na asubuhi nikalikabidhi likiwa limepigwa pasi. Sasa nikikata kitambaa cha gauni moja tu mkono unagoma. Anayekata ni kijana ninayemfundisha kazi, mimi nimekaa pembeni kama mgeni. Mume wangu hanisemi, ananibebea hata kikombe cha chai, na afadhali angenisema. Wateja nawadanganya kwamba nilisafiri. Ndugu wananiambia, "Mbona unaonekana mzima?"

Siku viungo vikitulia nashona hadi usiku, nafua, napika, najiambia nimerudi. Halafu nalala siku tatu. Ni hivyo kila mara.

Shangazi, nikubali kwamba yule wa zamani amekwisha? Nifunge kazi? Na watu niwaambie nini?

Fundi Aliyepotea

*

Marahaba, mwanangu.

Nitaanzia kwenye ile siku viungo vinapotulia, kwa sababu naona ndipo mambo yako yote yanapokutana. Siku hiyo unashona, lakini pia unajipima. Unataka kuhakikisha kwamba yule wa zamani bado yupo, na kipimo ulichonacho ni kimoja tu, wingi wa kazi. Kesho yake mwili unadai chake, na zile siku tatu za kitandani unazisoma kama hukumu kwamba amekwisha. Kuruka dozi wiki uliyo na nafuu ni mtihani uleule kwa mlango mwingine: unataka kuona kama unaweza kuwa mzima bila dawa. Kwa hiyo sitakuambia ujikubali. Ushauri huo hutolewa bure na huja bila maelekezo ya matumizi. Nitakuambia ubadilishe kipimo, na jinsi ya kukibadilisha.

Dawa kwanza, maana mengine yote yanaiegemea. Methotreksati haitulizi maumivu ya leo. Inapunguza ukali wa kinga, na huchukua wiki 6 hadi 12 kabla hujaona matokeo yake. Ile wiki unayojiona uko sawa ni kazi ya vidonge vya wiki zilizopita. Ukiruka hutaona kitu kesho wala keshokutwa, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Utando wa ndani ya kiungo unaanza tena kuvimba polepole, unakula gegedu na ukingo wa mfupa, na mfupa ulioliwa haurudi. Tena uharibifu mwingi hutokea katika miaka ya mwanzo, yaani sasa hivi. Fundi anayetaka vidole vyake vya miaka 50 vifanye kazi analinda dozi ya wiki hii.

Kichefuchefu kina dawa yake, usikivumilie kimyakimya. Meza usiku baada ya kula, ukalale nacho. Muulize daktari kuhusu asidi ya foliki, vitamini inayopunguza madhara ya methotreksati. Ikiwa hukuandikiwa, uliza kwa nini, na ikiwa unaitumia, uliza kama inaweza kuongezwa. Ikishindikana, dawa hiyohiyo ipo ya sindano, na watu wengi tumbo lao huipokea vizuri zaidi. Chagua siku moja ya wiki, uiandike kwenye pakiti kwa herufi kubwa. Nalisisitiza hili kwa sababu kosa la hatari zaidi na dawa hii ni kuimeza kila siku badala ya kila wiki. Hilo linaweza kuua uboho wa mifupa, na mtu akafa. Ukiruka, usifidie kwa kumeza mara mbili. Usikose vipimo vya damu na ini, pombe iwe mbali, na ikiwa bado unafikiria kupata mtoto, zungumza na daktari miezi kadhaa kabla, kwa sababu dawa hii inadhuru mimba. Homa, vidonda mdomoni au kukosa pumzi ni sababu ya kwenda kituoni siku hiyohiyo.

Kuna jambo moja ambalo wagonjwa hawaambiwi vya kutosha. Ule uchovu mzito, na hata giza la moyo, kwa sehemu yake hutoka kwenye ugonjwa wenyewe. Mwili ukiwa na moto wa uvimbe kila siku, unakula nguvu na unashusha hali ya moyo. Damu nayo inaweza kupungua, na hilo hupimwa kirahisi. Kwa hiyo usihesabu kila uchovu kuwa umebadilika tabia. Jiulize maswali mawili: katika wiki mbili zilizopita, je, siku nyingi umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Je, vitu ulivyokuwa ukivifurahia havikuvutii tena? Ukijibu ndiyo hata kwa moja, litaje kliniki kama unavyotaja kidole kilichovimba, kwa maana sonona inatibika sambamba na viungo. Na likija wazo la kutaka kufa, mwambie mtu saa hiyohiyo.

Sasa huyo wa zamani. Mwaka 1982 mtaalamu wa elimu ya jamii wa Uingereza, Michael Bury, aliandika kuhusu watu 30 aliozungumza nao, wote wenye ugonjwa huuhuu wako. Alichoeleza ni kwamba maradhi ya kudumu huvunja yale tunayoyategemea bila kuyafikiri: kwamba mkono utatii, kwamba mpango wa miaka kumi ijayo bado una maana. Mwaka uliofuata Kathy Charmaz, Mmarekani, akaongeza jambo linalokugusa zaidi. Alisema mateso ambayo hospitali haiyaoni ni kwamba sura ya zamani ya mtu huporomoka kabla hajapata nyingine yenye thamani sawa. Akataja mambo manne yanayoibomoa: maisha kubanwa, kutengwa na watu, kuonwa si lolote, na kujiona mzigo. Rudia barua yako utayakuta yote manne, la mwisho likiwa ndani ya kikombe cha chai.

Swali lako nalijibu hivi: sehemu yake imekwisha, na tuseme wazi. Yule wa kukesha harudi, hata dawa ikifanya kazi vizuri kabisa sikushauri umrudishe. Mlilie. Na usishangae kilio hicho kikirudi kila ugonjwa unapopanda, maana huzuni ya maradhi ya kudumu haina hatua za kumaliza moja uende nyingine. Lakini fundi na mkeshaji si mtu mmoja, na hili unaweza kulihakikisha kwa karatasi na kalamu.

Chukua gauni moja tu, la mshono unaoufahamu. Andika kila kazi iliyomo tangu mteja anapoingia hadi anapotoka nalo. Kumsikiliza anataka nini, na kujua asichosema. Kumpima. Kuona kwamba bega lake moja limeshuka kuliko la pili. Kukadiria kitambaa. Kukitandaza ukifuata uelekeo wa nyuzi. Kuchora kwa chaki. Kukata. Kubana pini. Kuunganisha kwa cherehani. Kutia zipu. Kumjaribishia na kuona kiuno kinavuta wapi. Kupinda pindo kwa mkono. Kushona matundu ya vifungo. Kupiga pasi. Sasa mbele ya kila moja andika inachohitaji: nguvu ya mkono, wepesi wa vidole, jicho, kichwa au mdomo.

Nguvu ya mkono itatokea kwenye kukata, pasi, na pengine kuburuta kitambaa kizito chini ya sindano. Wepesi wa vidole ni pini, pindo na vifungo. Nyingi ya zilizobaki ni jicho, kichwa na mdomo. Kijana wako anakata, sawa, lakini mstari wa chaki anaoufuata ameuchora nani? Mkasi ukipita nusu inchi ndani ya alama ya kwapa gauni limeharibika, na anayejua hivyo kabla haijatokea ni wewe.

Tatizo la zoezi hili ni kwamba watu hulifanya kichwani, wakajifariji, na kesho wakakaa pembeni vilevile. Ligeuze kuwa utaratibu. Kijana hakati kabla hujakagua chaki. Baada ya kujaribisha, alama za marekebisho unaweka wewe. Kaa kwenye meza ya kukatia, juu ya kiti kirefu, mahali mteja akiingia anakuona wewe kwanza. Na malipo ya kijana yapangeni upya, kwa kuwa ukimpa kazi ya mkono wako kwa ujira wa mwanafunzi ataondoka, na utakuwa umempoteza kwa haki yake.

Kipimo kipya kinahitaji saa ya ukutani. Kwa wiki moja usibadilishe chochote, andika tu. Kila unaposhona kwa cherehani, andika dakika ambayo mkono unaanza kuuma au kushika kunalegea. Chukua siku zisizopungua tano, nzuri na mbaya zichanganyike. Ukipima siku nzuri peke yake umejidanganya. Tafuta wastani, halafu punguza robo. Ukipata dakika 40, basi 30 ndiyo zamu yako. Unashona dakika 30, unapumzika 10, na kinachokusimamisha ni saa. Ukisubiri maumivu yakusimamishe umeshachelewa, uvimbe umeamka. Katika zile 10 mikono iwe imefunguka mapajani. Usishike simu, kidole gumba kinachoperuzi simu kinafanya kazi kuliko unavyodhani.

Zamu hiyo ni ileile siku nzuri na siku mbaya, isipokuwa ugonjwa umepanda kabisa. Hapa ndipo kila mtu huanguka, na huanguka siku nzuri. Siku kumi za mwanzo utajiona mvivu na utaona aibu kusimama wakati mkono hauumi. Simama hivyohivyo. Baada ya wiki mbili ongeza dakika tatu au nne, ukitumia kanuni moja: maumivu ya ziada yakidumu zaidi ya saa mbili baada ya kazi, au asubuhi inayofuata ikawa ngumu kuliko kawaida, ulizidisha, rudi nyuma. Kwa siku nzuri, andika mapema orodha fupi ya vitu vya kufurahia visivyotumia mikono, ili hamu ile ipate pa kwenda. Na kwa kuwa viungo vyako hukaza asubuhi, kazi ianze saa nne. Kabla ya hapo loweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10, ukifungua na kufunga vidole taratibu.

Kuhusu mikono yenyewe, kanuni ni mbili. Kazi ihamie kwenye kiungo kikubwa kuliko kidole, na vidole visisukumwe kuelekea upande wa kidole cha mwisho, maana huko ndiko baridi yabisi inakovipinda. Kikombe kishike kwa viganja viwili. Kitambaa kibebe juu ya mkono wa mbele, mfuko uning'inie kwenye kiwiko. Mpini wa kifumulia nyuzi na kalamu vifunge sponji mpaka vinene, kwani kitu chembamba hudai kubanwa kwa nguvu. Mkasi uwe mwepesi, wenye springi inayoufungua wenyewe, na ule ubapa wa chini wa mkasi uteleze juu ya meza bila kuunyanyua. Pini waachie wenye vidole vipya. Tumia vibanio, au vitu vizito vya kukandamizia wakati wa kuchora. Kifaa cha kukaza kifundo cha mkono kinasaidia usiku na wakati wa kazi nzito, ila usikivae kutwa nzima, misuli italegea. Mtaalamu wa mazoezi tiba anaweza kuona mikono yako na kurekebisha niliyoyasema.

Ugonjwa ukipanda punguza kazi hadi robo au usimame, weka kitambaa chenye barafu kwenye kiungo chenye moto kwa dakika 10 hivi, lakini kila kiungo kipitishe mwendo wake wote taratibu mara chache kwa siku kisije kikakakamaa. Siku kadhaa zikipita bila nafuu, piga simu kliniki. Kiungo kimoja kikiwa chekundu na cha moto kupita vingine, pamoja na homa, usisubiri kesho. Huenda ni maambukizi ndani ya kiungo, na dawa unayotumia hupunguza kinga.

Mume wako anakusaidia asichoombwa kwa sababu hajui mpaka uko wapi, na wewe hujamwonyesha. Kaeni siku isiyo na maumivu makali. Mtajie mambo matatu anayoruhusiwa kuyafanya bila kuuliza, kwa mfano ndoo ya maji, vifuniko vilivyokaza na kukamua nguo nzito. Mengine yote asubiri uombe. Mwambie hivi: "Ukinibebea kikombe naona umenikatia tamaa, ingawa najua hukukusudia. Nitakuomba nikihitaji." Upande wako wa makubaliano ni mgumu zaidi: inabidi kweli uombe, mapema, kabla hujakunja uso. Ukikaa kimya ukaumia mbele yake, atarudi kubeba kikombe, nami sitamlaumu.

Wateja hawahitaji habari za viungo vyako. Wanahitaji kujua nguo itakuwa tayari lini. Uongo wa safari unakuharibia zaidi ya ukweli, kwa sababu unawafundisha kwamba ahadi yako haitegemeki. Sema: "Siku hizi napokea nguo chache, na kila moja nahitaji wiki tatu. Anayekata ni msaidizi wangu, mimi napima, nachora na kusimamia." Hapo umesema kweli yote inayowahusu. Baadhi wataondoka, hasa wale wa "naitaka kesho", na hao ndio waliokuwa wanakukeshesha.

Ndugu wa "mbona unaonekana mzima" wape sentensi moja, ileile kila mara: "Ugonjwa uko ndani ya viungo, asubuhi ni mbaya, mchana huwa nafuu." Usiongeze. Ukianza kujitetea utajikuta unaigiza ugonjwa ili uaminiwe, na hilo linachosha kuliko ugonjwa. Wakikuletea mizizi na unga, pokea kwa adabu, lakini kabla ya kuonja muulize daktari, kwa sababu ini lako tayari lina kazi. Ukweli mzima, pamoja na hasira na wivu kwa kijana mwenye vidole vyepesi, mpe mtu mmoja au wawili. Kundi la watu wenye maradhi kama yako linaweza kufaa sana. Ukiona kila unapotoka hapo umekuwa mzito zaidi, tafuta lingine.

Kufunga kazi usiamue sasa. Dawa hujaipa nafasi ya haki hata mara moja, na utaratibu wa zamu hujaujaribu. Jipe miezi sita ya dozi isiyorukwa na saa ya ukutani. Usiamue siku ya kitandani, wala siku nzuri, kwa sababu zote mbili zinatia chumvi. Miezi hiyo ikipita, angalia daftari: zamu zimeongezeka au zimepungua? Asubuhi inachukua muda gani kabla hujafunga kifungo? Nguo ulizosimamia zimetoka kwa ubora unaouridhia? Daftari hilohilo lipeleke kliniki hata kabla ya miezi sita kwisha. Ukifika wiki ya 12 bila kuruka na vidole bado vinavimba, mwambie daktari waziwazi kwamba dozi hii haitoshi, mwonyeshe tarehe, na uulize kuhusu kuongeza kipimo au dawa ya pili.

Shangazi